Robe ya Dede na tablier arobaini na nane

Wakuu wa cercle, chama chetu cha jioni, salamu kwenu wote, mulioketi viti vya mbele na mulio nyuma karibu na chupa.

Mimi ni mutu ambaye hakuna kitu cha kunishangaza tena. Fundi wa nguo anaona kila kitu. Nimeshona suti moja ikaoa wanawake wawili, kwa bwana arusi mumoja, juma mbili tu katikati. Nimepima mutu koti siku ya kwanza, siku ya tatu wakaja kunipa habari ya kifo, wakaniomba nimalize koti upesi juu ya kumuzika nalo. Nilimaliza. Ilimukaa vizuri sana.

Donc nilifikiri nimeona yote. Mutoto wangu wa miaka mine alinionyesha kwamba sijaona kitu.

Katibu wetu alisema ukurasa huu wa nyuma wa gazeti la cercle ni wa wanachama: mutu aandike jambo lililomukuta, wenzake wamujibu mwezi unaofuata. Miezi mitatu nasomewa tu. Mumoja aliandika juu ya jirani aliyemuibia kuku, akajibiwa na watu kumi na wawili. Leo ni zamu yangu, na yangu si ya kuku.

Nitasema kweli tupu, hata pale ambapo kweli inanivua nguo mimi mwenyewe.

Karani wa kupiga machine, wewe unayeniandikia maneno haya, tafadhali usinitengenezee sana Kiswahili changu. Sikusoma. Niliingia darasa la pili, nikatokea dirishani.

Wote munaniita Fundi Alfonsi, lakini vijana hawajui nilikotoka. Nilitoka Opala na shati moja. Nikashuka mto Lomami, nikapanda mto mukubwa juu ya magunia ya mawese, nikafika Kisangani sijui Kiswahili, sijui kushika sindano. Muzee mumoja wa waungwana, wale Waislamu, akanifundisha kazi miaka tano, na miaka miwili ya kwanza nilifagia tu vipande vya kitambaa. Leo niko na masini ine za kushona, niko na bati juu ya nyumba, na tangu umeme wa maporomoko ya Tshopo ulipofika kwetu niko na pasi ya umeme. Mutaje fundi mwingine wa cité, mutaa wetu sisi Waafrika, mwenye pasi ya umeme. Ninangoja.

Bon. Sasa musikilize kazi yangu inavyokwenda, juu maneno yote yametokea hapo.

Mama wa cité akitaka robe, gauni, ya binti yake, hamuleti binti. Binti iko nyumbani, analea mudogo wake. Mama analeta kamba. Kamba ya mafundo: fundo la kwanza ni bega, la pili kiuno, la tatu goti. Ananitupia kamba mezani, anachagua kitambaa, anakwenda kununua samaki wa Wagenia, wavuvi wa mto.

Lakini kamba haiketi. Kamba hairuki, haiinami kuokota kitu. Ukishona kwa kamba tu, robe inatoka kama gunia.

Donc nilitafuta mwili. Na mwili ulikuwa pale pale chini ya meza yangu, unacheza na vipande vya kitambaa. Dede, mutoto wangu wa mwisho, wa kiume.

Tangu ana miaka miwili nimemuvalisha robe zote za mabinti wa mutaa. Namusimamisha juu ya meza, naweka pini, nasema, "Dede, zunguka." Anazunguka. Sketi inafunguka kama mwavuli. Mama walio dukani wanapiga makofi, wanacheka, mumoja anamupa ndizi. Na kila akizunguka, mama mumoja anasema, alors, nami nishonee kama ile.

Robe iliyotundikwa kwenye musumari haikuniletea muteja. Robe iliyozunguka na Dede iliniletea watatu kwa siku. Musinicheke, nilijiona mutu wa akili nyingi. Wenye maduka ya Wazungu kule mujini wana sanamu ya mbao dirishani. Yangu ilikuwa inaimba.

Sasa, karibu na kwetu iko nyumba ya foyer, wanapofundisha mama kazi za nyumbani, na ndani ya foyer walifungua école gardienne, masomo ya watoto wadogo kabla ya shule kubwa. Mukubwa wake ni Mademoiselle, Muzungu, mwanamuke wa nywele zinazoanza kuwa nyeupe. Chini yake monitrice Beatrisi, mwalimu wa watoto, binti wa hapa, amesoma, viatu vyake safi siku zote. Na mama Asina, anayepika uji.

Wakuu, mimi ambaye nilitokea dirishani, niliapa Dede ataingia mulangoni. Pale mutoto akimaliza vizuri, Mademoiselle anamuandikia barua, na kwa barua ile anapokelewa shule kubwa bila maneno. Asiye na barua anapanga mustari na mia nyingine. Nilitaka barua ile kuliko masini ya tano.

Na Dede alipenda sana. Alirudi kila siku na hesabu ya Kifaransa, un, deux, trois, akihesabu vifungo vyangu mpaka ishirini. Mimi nilipofika ishirini nilikuwa na ndevu.

Mademoiselle akaniita kunipa kazi: tablier arobaini na nane, ile nguo ya juu ya kukinga uchafu, moja kwa kila mutoto. Za buluu kwa vijana, za rose, rangi ya waridi, kwa mabinti. Nilikwenda na metre yangu shingoni. Ukutani mwa bureau, ofisi yake, niliona picha ya zamani ya mutoto, amesimama karibu na kiti, amevaa robe nyeupe yenye kola ya mapana, kola ya dantele, kitambaa cha matundu matundu, yenye meno madogo madogo.

Mimi nikiona nguo nzuri siwezi kunyamaza. Nikamuuliza kama yule ni dada yake, na kama naweza kuchora ile kola.

Akacheka. Akasema si dada, iko papa yake alipokuwa na miaka mitatu. Zamani kwao watoto wote wadogo walivaa hivyo, vijana na mabinti.

Nikachora kola kwenye karatasi ya sigara, nikasema asante, nikasahau habari ya papa yake. Kola sikuisahau.

Juma lile lile nilikuwa na robe ya muke wa polisi mumoja, kwa binti yake. Nikaweka kola ile. Wakuu, sijawahi kushona kitu kama kile. Dede akapanda mezani, akazunguka, duka lote likapiga makofi.

Kisha polisi akapelekwa Bunia kwa kazi, na jamaa yake yote. Robe ikabaki kwenye musumari. Dede akaitazama siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza kama ile sasa ni yake.

Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Ilikuwa imemukaa yeye, haikumukaa mwingine.

Siku ya kwanza ya juma, mama yake alikwenda soko mapema na pondu yake, majani ya muhogo. Dede akaniletea robe, akanipa mugongo. Nilikuwa na haraka ya suruali ya muteja, kinywa kimejaa pini. Nikamufunga vifungo, sita, kwa mikono yangu, bila kufikiri kitu, kama ninavyomufunga kila siku. Nikamusukuma kidogo mabegani. Nenda kusoma.

Saa ine ya asubuhi mama Asina akaingia dukani. Alikuwa na Dede mugongoni, amemufunga na liputa, kitenge chake mwenyewe, yeye amebaki na gauni la ndani na tablier ya jiko. Mama wa watu, amepita avenue tatu hivyo, mutu wa heshima zake.

Akasema, "Papa Alfonsi, pokea mutoto. Wamemuvua mbele ya wenzake wote."

Alinieleza polepole. Monitrice Beatrisi alimusimamisha Dede juu ya meza. Dede akafikiri ni kama kwetu. Wakuu, musome vizuri hapo: mutoto alipoona amewekwa juu ya meza, akazunguka.

Monitrice akauliza watoto kama huyu ni kijana au binti. Watoto wakacheka, wakapiga kelele. Akasema basi tutaona. Akafungua vifungo, kimoja kikakatika, akamuvua robe, akamuacha mutupu juu ya meza mbele ya watoto arobaini na saba, ili wajifunze. Robe akaifungia kabatini. Mama Asina alisikia kelele kutoka jikoni, akaacha uji ukaungua, akafungua liputa lake, akamufunga mutoto, hakuongea na mutu, akatoka.

Sasa ile kweli niliyoahidi.

Sikukasirikia monitrice kwanza. Nilikuwa na wateja watano dukani wananitazama. Niliona haya. Nikashika metre yangu ya mbao, nikamuambia Dede shuka hapo nikufunze kuvaa robe.

Muke wangu alikuwa ameingia na kitunga chake kichwani. Hakukitua. Alisimama tu kati yangu na mama Asina.

"Papa Dede," akasema, "ya kwanza nani alimuvalisha?"

Niliinua metre.

"Alipokuwa anakuletea wateja alikuwa mutoto muzuri. Leo amekuletea haya, ndiyo utamupiga. Anza kujipiga wewe, nami nitakuhesabia."

Nikaweka metre chini. Wateja watano wakatazama kila mutu upande wake.

Ndipo hasira yangu ikapata njia yake, na mpaka leo haijarudi nyumbani.

Juu nawauliza, mutoto wa miaka mine alifanya kosa gani? Aliiba? Alimupiga mwenzake? Alivaa nguo iliyomukaa, na papa yake akamufunga vifungo. Kama kosa liko, liko ndani ya duka langu, lina ndevu na masini ine. Mutu mukubwa aliyesoma akaacha kosa kubwa, akakamata dogo linaloweza kubebwa.

Ukimukuta mutoto amevaa kiatu cha kushoto muguu wa kuume, unamukata muguu?

Monitrice angeweza kuniita. Angeweza kunituma barua, nina mutu wa kunisomea. Angeweza kumuacha acheze mpaka saa sita, na dunia ingebaki mahali pake. Njia zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa na nguo.

Na nyinyi wa cercle, musijifiche nyuma ya chupa. Jioni ile ile nilipita hapa, mumoja wetu, karani, si huyu wa machine, simutaji jina, yeye anajijua na suruali yake bado haijalipwa, akasema mbele ya wote kwamba mutoto wangu ameanza kugeuka mwanamuke. Mukacheka.

Karani, sikiliza. Mimi kila suti ninayoshona naivaa kwanza nitazame mabega. Nimevaa suti za makarani zaidi ya mia. Mpaka leo sijageuka karani.

Mapadri nimewashonea kanzu ndefu zenye vifungo toka shingo mpaka chini, muzee wangu muungwana alivaa kanzu maisha yake yote, na hakuna mutu aliyewapandisha juu ya meza. Mutoto ndiye munayemuweza.

Alors, Dede aliingia chini ya meza ya kukatia, akabaki huko. Siku kumi. Anakula huko huko. Nilimuonyesha kapitula mpya ya kaki, ya mifuko miwili. Hakushika. Nilimuita apande meza ajaribu robe ya muteja, si juu ya kazi, nilitaka tu kumuona anazunguka. Akavuta miguu ndani zaidi. Hakuhesabu tena vifungo. Kila asubuhi nikitaja masomo, anashika muguu wa masini kwa mikono miwili.

Shule kubwa ilikuwa inakaribia kuandika majina. Hakuna Dede darasani, hakuna barua.

Siku ya kumi na moja nikavaa koti langu zuri, nikaenda kwa Mademoiselle.

Alinipokea vizuri. Akasema amesikia. Akasema monitrice alikosea kumuvua mutoto, quand même, hata hivyo, kosa lilianza nyumbani, na taratibu ni taratibu. Mutoto arudi na kapitula, nami nisimame mbele ya wazazi siku ya mukutano, niseme kwamba nilikosea kumutuma hivyo, ili maneno yaishe mutaani. Na kazi ya tablier bado iko yangu.

Niseme kweli, nusu ya mimi ilitaka kukubali. Tablier arobaini na nane si kitu cha kutupa. Na kusimama mbele ya watu mimi siogopi, napenda hata.

Lakini nikafikiri: nikisimama kuomba radhi juu ya robe, Dede atasikia nini? Atasikia kwamba yule aliyemuvua alikuwa na haki.

Nikainua macho. Picha ilikuwa ukutani pale pale.

Nikamuambia, "Mademoiselle, kola iliyo ndani ya kabati ya monitrice, niliitoa shingoni mwa papa yako."

Hakufahamu. Nikamuomba alete robe. Akamutuma mama Asina kwa funguo. Ikaja, imekunjwa vibaya, kifungo kimoja hakipo. Nikaitandika mezani kwake chini ya picha. Meno madogo madogo, yale yale.

Akaitazama muda murefu.

Kisha nikamuuliza papa yake alikuja kuwa mutu gani. Akasema alikuwa mujenzi wa madaraja, na alizaa watoto saba.

Nikasema sasa nitakuambia namna ya kazi. Sishoni buluu na rose. Nitashona tablier arobaini na nane za kitambaa kimoja, kijani, kola moja, mifuko sawa, na vifungo mbele ili mutoto ajifunge mwenyewe. Hautalipa hata santimu. Lakini yako mambo mawili. La kwanza, monitrice aje dukani kwangu aongee na mutoto, si na mimi. La pili, mutoto akisha kuvaa tablier, hakuna mutu wa kuifunua. Kilicho chini ya tablier ni habari ya nyumba yake.

Akauliza kwa nini bila kulipa. Nikasema mutu akilipa anachagua rangi.

Alisema atafikiri. Nikatoka nikiwa na robe kwapani, nikijua pengine nimefunga mulango wa mutoto wangu kwa kinywa changu.

Kesho yake saa kumi, monitrice Beatrisi akaja.

Viatu safi kama siku zote. Muke wangu hakumupa kiti. Beatrisi akasema ametumwa, kisha akasema hata asingetumwa, halali vizuri. Sijui kama ni kweli. Sijamusamehe yote, nasema ili ajue.

Lakini alifanya kitu kimoja. Alipiga magoti kwenye vumbi la duka, kwenye vipande na pini, akainama mpaka kichwa kikaingia chini ya meza.

Akasema, "Dede, nilikosea. Haikuwa vizuri kukuvua. Sitafanya tena, kwako wala kwa mwingine."

Masini zote zilikuwa zimesimama.

Kisha tukasikia sauti ya Dede, ya kwanza kwa mutu wa inje tangu siku ile.

"Ulikata kifungo."

Monitrice akasema ndiyo. Akaingiza mukono mufukoni, akatoa kifungo. Alikuwa amekiokota. Mukono mudogo ukatoka chini ya meza, ukakichukua.

Nilikishona palepale. Mimi fundi wa miaka hii yote, nilijichoma sindano mara mbili.

Mademoiselle alikubali. Nilishona usiku na mchana, mimi na wafanyakazi wangu watatu, siku sita. Siku ya saba nikapeleka tablier arobaini na nane za kijani, na watoto wote wakazivaa, wakaonekana kama shamba la muhogo baada ya mvua.

Asubuhi ile nilimuweka Dede mbele yangu. Kulia nilitandika kapitula ya kaki, kushoto robe. Alichagua mwenyewe, akavaa, akavaa tablier juu, akajifunga vifungo akihesabu kwa Kifaransa. Mama yake na mama Asina wakamupeleka, kila mumoja mukono wake.

Chini alivaa nini? Mimi najua. Nyinyi inawahusu nini?

Barua yake ya shule kubwa iko kwangu, ndani ya bati la vifungo. Nimesomewa mara nyingi mpaka naijua kwa kichwa.

Somo langu ni hili, wakuu. Mutoto mudogo akikuja na nguo usiyoitazamia, kwanza muache avae. Kisha, kama una swali, uliza mukubwa aliyemufunga vifungo. Na kama huwezi kufanya lolote la akili, fanya kama mama Asina: mufunike, umubebe, nyamaza. Hakusoma hata darasa moja, na siku ile ndiye pekee aliyekuwa mwalimu.

Kwangu sasa mama wanaleta mabinti wenyewe. Kamba sipokei. Dede akipanda meza, anapanda kwa kupenda kwake, na ndizi ni yake.

Ukurasa uko wazi. Anayeona nilikosea aandike jina lake chini, asinong'one pembeni. Karani, wewe uwe wa kwanza, na uje na bei ya suruali yako.

Na munaouliza kama Fundi Alfonsi alipata faida gani, nawaonyesha hesabu, mukaweke kwenye kumbukumbu ya cercle: kitambaa cha kijani, uzi na vifungo, vyote toka mufukoni mwangu, faranga elfu moja themanini na saba na santimu hamsini.